Boksi la Juisi Si Ushahidi

Vijana wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wa mashirika ambao tunajua mnatusoma kimya kimya bila hata kuacha alama ya dole gumba, salamu kwenu nyote.

Leo tunaandika juu ya juisi. Ndiyo, juisi ya boksi. Msicheke kwanza.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa bloku yetu alitoka kwenda hospitali kumwona jirani aliyejifungua kwa upasuaji. Mkononi alikuwa na boksi la juisi ya embe, lile la lita moja. Alilishika wazi, maana tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ukinunua kitu bloku nzima inakiona. Njiani akakutana na mfanyakazi mmoja wa shirika, mtu anayemjua tangu zamani. Yule ndugu akamsalimia vizuri tu, kisha akatazama boksi, akacheka: "Eh mama, njaa gani hii ya kunywa juisi ya boksi?" Mama naye akacheka, vile mtu hucheka akiwa hana jibu lisilo na hatari. Akaenda zake. Jioni alipotusimulia alikuwa hacheki tena. Alituuliza swali moja tu: "Sasa bataniandika?"

Swali hilo ndilo lililotuketisha chini. Tangu Agosti 2025 mgao wa chakula kambini hautoki sawa kwa wote. Kaya zimewekwa katika makundi manne kwa kipimo cha uhitaji, na wanaohesabiwa kuwa wanajiweza hawapokei kitu. Katika maisha ya namna hiyo kila kitu unachoonekana nacho kinageuka ushahidi. Simu ya kugusa. Godoro jipya. Mabati yanayong'aa. Na sasa, jameni, boksi la juisi. Hatusemi kwamba kuna fomu yenye swali la juisi. Tunasema mama wa watoto wanne alirudi nyumbani akiogopa kwamba ameonwa, na hofu hiyo hakuiokota njiani, alipewa kwa mzaha.

Sasa tuwaambie boksi lile lilivyonunuliwa. Lilinunuliwa na nyumba tisa. Kuna waliotoa hamsini, kuna waliotoa ishirini, na nyumba moja ilitoa kumi ikaomba radhi. Zikapatikana pesa za juisi na za kipande cha sabuni. Mama akatumwa yeye kwa sababu ana miguu mizima na anajua wodi ilipo. Kama boksi hilo ni ushahidi, basi ni ushahidi kwamba nyumba tisa hazikuweza, kila moja peke yake, kununua boksi moja. Mwenye kalamu aandike hilo.

Msimamo wetu ni huu. Mkimbizi anayenunua juisi ya boksi hanunui kwa ujinga wala kwa sababu pesa zimemzidi. Ana sababu, na sababu zake zinaonekana kwa yeyote anayetaka kusimama dukani nusu saa badala ya kupita na gari. Anayetaka tununue kitu kingine ashughulike na hizo sababu, amwache mtu. Halafu tunayo makosa yetu wenyewe kwenye hilo boksi, makubwa, na tutayasema hapa hapa bila kuyapaka asali. Lakini yale ni yetu, na hatuyasemi ili mtu apate cha kuandika.

Jumamosi moja tulikaa mbele ya duka la mzee Msomali ambaye sote tunamwita Abti. Tulimwomba ruhusa, akatupa hata jerikeni za kukalia. Tulitaka tu kuona watu wananunuaje. Lile lililotushangaza ni kwamba karibu kila mtu alifanya mambo mawili yale yale. Kwanza aligusa boksi au chupa kusikia kama ni baridi. Kisha aliigeuza kutafuta tarehe ya mwisho. Watoto pia! Kijana wa darasa la sita aliinua chupa hadi kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti ya elfu moja. Hakuna mafunzo yaliyomfundisha. Amefundishwa na bidhaa zilizokwisha muda ambazo hufika huku mwisho wa barabara, zikauzwa kwa bei ya "ofa". Watu wanaosemwa hawajui kununua ndio wanaosoma tarehe kuliko watu wa mjini.

Na ni nani walionunua? Mwanafunzi na mwenzake walichanga, wakanunua chupa moja ndogo, wakainywa zamu kwa zamu wakipimiana kwa kidole. Baba mmoja alikuja mbio kwa sababu mgeni amefika ghafla nyumbani. Alichukua boksi la lita, akaomba liandikwe kwenye daftari la deni. Kwa sisi tuliotoka Kivu, mgeni kupewa sucré ni heshima, na kwa ndugu zetu Warundi mgeni kupewa Fanta ni hivyo hivyo, hata kama Fanta yenyewe ni ya kampuni nyingine kabisa. Huwezi kumwambia mtu huyo "ungempa maji". Maji gani? Ya mfereji uliofunga saa nne asubuhi? Dada mmoja alinunua pakiti tatu za unga wa juisi, zile za kumi kumi, rangi ya chungwa. Mwalimu wa shule alinunua soda, siyo juisi, akatuambia soda angalau haijifanyi tunda. Tulicheka, lakini tutarudi kwa mwalimu huyu, maana alisema neno.

Mtu mmoja tu kwa mchana mzima alisoma yale maandishi madogo ya viungo. Alikuwa mmoja wetu, na alikuwa anasoma kwa sababu ya makala haya.

Halafu kuna jambo la bei, na hapa tunaomba wale wa semina za kuweka akiba wakae mbele. Kwa Abti siku ile boksi dogo la mililita 250 lilikuwa shilingi 80. Boksi la lita moja la juisi hiyo hiyo, shilingi 260. Piga hesabu: madogo manne ni 320. Kwa hiyo anayenunua kidogo kidogo analipa shilingi 60 zaidi kwa lita ile ile. Tumeshasikia mara nyingi kwenye semina kwamba "wakimbizi hawana nidhamu ya kununua kwa jumla". Haya. Hiyo 260 ya mkupuo itoke wapi, kwa mtu ambaye pesa yake inamfikia hamsini hamsini? Na akishalifungua boksi la lita, atalihifadhi wapi kwenye joto hili la nyuzi 37? Boksi lenyewe linasema likifunguliwa liwekwe kwenye friji. Friji ya nani? Ukiwa na hamsini na jua, kidogo ndiyo saizi yako, na hiyo Wakenya wana jina lake kabisa: uchumi wa kadogo. Maskini hununua ghali kwa sababu pesa yake ni ndogo na nyumba yake ni moto. Nidhamu haina friji.

Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa ripoti iliyoitazama Kakuma kama soko. Ilikadiria kwamba uchumi wa kambi na mji wa Kakuma una thamani ya dola milioni 56 hivi kwa mwaka, na kwamba kuna biashara zaidi ya 2,000. Wengine wetu tulikuwa watoto wakati huo, lakini tunakumbuka jinsi watu walivyoifurahia. Ghafla tulikuwa wateja! Kampuni zikaambiwa njooni, kuna watu hapa wanaonunua. Sawa, tulipenda kuitwa wateja. Lakini tuambizane ukweli: asubuhi tunaitwa soko, mchana tukinunua tunaitwa waongo. Kwenye slaidi za mkutano boksi la juisi ni dalili kwamba soko linakua. Mkononi mwa mama ni dalili kwamba anadanganya. Boksi ni lile lile.

Turudi kwa sababu, kwa maana ile kubwa hatujaisema. Sababu kubwa ni kizibo.

Mtu ambaye maji yake ya mfereji yanatoka kwa saa, akayapanga kwenye jerikeni kuukuu, na ambaye amewahi kuona kipindupindu kikipita bloku kwa bloku, huyo anapenda kitu kilichofungwa kiwandani. Unapovunja kile kifuniko na kusikia "tak", umesikia kwamba hakuna aliyetangulia. Hilo "tak" ndilo tunalonunua. Boksi la karatasi lenye tabaka la alumini na plastiki ndani hukaa miezi bila friji, juisi imechemshwa haraka kwa joto kali na kufungwa bila hewa wala vijidudu, na ndiyo maana linaweza kupanda lori kutoka viwandani, likapita Kitale na Lodwar, likafika kwetu likiwa salama. Embe lenyewe haliwezi safari hiyo kwa amani. Embe zinazofika zimebondeka nusu, na ambayo haijabondeka bei yake inakuangalia usoni. Kisha uwe na maji ya kuiosha. Tunaulizwa "mbona hamli matunda halisi?" kana kwamba matunda halisi yapo mlangoni na sisi tumeyaruka.

Basi hizo ndizo sababu: baridi, tarehe, kizibo, heshima ya mgeni na mgonjwa, na saizi ya hamsini. Hakuna hata moja ya kipumbavu.

Sasa makosa yetu.

Kosa la kwanza ni kwamba tunaamini picha. Picha ya embe iliyokatwa, na tone la maji juu yake, tayari tumeshiba vitamini. Wenzetu, geuzeni boksi, mkishamaliza kusoma tarehe msilirudishe. Tafuteni neno la Kiingereza lililoandikwa karibu na jina la tunda, maana maneno haya matatu hayafanani. Likiwa "juice", linatakiwa liwe juisi ya tunda, hata kama ilipunguzwa maji kiwandani ikawa nzito na baadaye ikarudishiwa maji yake. Likiwa "nectar", wameongeza maji, na mara nyingi sukari. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2005, nekta ya embe inatosha kuwa na asilimia 25 tu ya tunda, na ya chungwa asilimia 50. Yaani robo embe, robo tatu ni mengine, na bado hawajavunja sheria. Likiwa "drink", basi hata hiyo robo usiidai; inaweza kuwa kidogo kabisa, au harufu peke yake. Halafu shukeni kwenye orodha ya viungo. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Ukiona maji, kisha sukari, halafu ndipo embe, umeshajua unanunua nini: unanunua maji ya sukari yaliyopita karibu na mwembe. Ukitaka kuyanunua nunua, ni pesa yako. Lakini usilipe bei ya tunda.

Zile pakiti za unga za kumi kumi hatuzijadili hata. Zina rangi, tindikali ya kuleta uchachu, vionjo, na vitamu vya dukani. Tunda lilibaki kwenye picha.

Kosa la pili ni la mwalimu wetu wa soda, au tuseme ni letu tuliomcheka. Sisi tunadhani soda ni mbaya na juisi ni dawa. Tulichukua boksi la nekta ya embe pale pale dukani tukasoma: gramu 12 za sukari kwa kila mililita 100. Boksi dogo la 250 lina gramu 30. Hivyo ni vijiko saba vya chai na ushee. Soda ya kola ina karibu gramu 11 kwa mililita 100! Na hata juisi halisi ya chungwa, ile isiyoongezwa kitu, ina gramu 8 hadi 10. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya sufuria ya chai, haliitenganishi. Linasema isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ingefaa iwe chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Boksi moja dogo limeshazipita. Juisi halisi angalau ina vitamini C na madini kidogo. Lakini "mimi sinywi soda, nakunywa juisi" siyo ulinzi, ni faraja.

Kosa la tatu ndilo linalotuuma, na tuliambizana tusiliruke.

Mmoja wetu ni mama kijana. Mwaka jana mtoto wake wa miezi kumi alianza kuharisha. Mfereji ulikuwa umekauka siku ya pili, na maji ya jerikeni aliyaogopa, kwa haki. Akafanya kile ambacho akili yake yote ilimwambia: akakopa, akanunua boksi dogo la juisi, kitu kilichofungwa, kisafi, chenye picha ya tunda. Akampa mtoto kidogo kidogo siku nzima. Kuharisha kukazidi. Sukari nyingi ikifika tumboni kwa mtoto anayeharisha huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na mtoto anazidi kukauka. Ndiyo maana WHO inakataza soda na juisi zenye sukari kwa mtoto wa namna hiyo. Yeye hakujua. Usiku alikimbia naye kituo cha afya, na kule akapokelewa kwa kelele mbele ya foleni nzima: "Ninyi mnawaua watoto wenu na juisi!" Mtoto alipewa ORS na zinki, akapona, leo anatembea na kuangusha vyombo. Lakini mama yake alikaa miezi bila kurudi pale, hata kwa chanjo. Fikirieni hesabu ya hiyo kelele.

Nani alikosea? Alikosea yeye, na anasema mwenyewe tuandike hivyo. Lakini mbele ya kosa lake kulikuwa na mfereji mkavu, na mbele ya mfereji mkavu kulikuwa na watu wanaolipwa kuuangalia. Yeye peke yake ndiye aliyefokewa.

Kwa hiyo kwa kina mama, kina dada na kina kaka wanaolea: mtoto chini ya miezi sita ni titi tu, hata maji hapana, na juisi hata kijiko hapana. Mtoto anayeharisha apewe ORS ya pakiti, ipo vituoni. Usiku ukikukuta huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai iliyosawazishwa, koroga, mpe kwa kijiko, usiache kumnyonyesha, na asubuhi nenda kituoni hata kama wanapiga kelele. Hasa kama wanapiga kelele. Twende wengi.

Na mgonjwa mkubwa tunayempelekea boksi? Tuendelee kumpelekea kitu, hatutaki mila ya kutembelea mgonjwa ife. Ila mwenye kisukari tumuulize kwanza. Mara mbili tumeona meza ya mgonjwa wa kisukari imejaa maboksi ya upendo.

Sasa, mtatuuliza: ninyi vijana mnaojua kusema, mmefanya nini? Tulijaribu. Tulikuwa na wazo zuri, tena tulilipatia kwenye mafunzo ya ujasiriamali, tukapewa na cheti. Tuuze juisi ya ukwaju. Ukwaju uko hapa hapa Turkana, wenyeji wetu wanauita epeduru, na kina mama wa Kiturkana wanauleta sokoni. Tuliongeza na karkade, ambayo ndugu zetu wa Sudan na Sudan Kusini wanaipenda kuliko kitu. Sukari kidogo, bei ndogo, tunda la kweli. Wiki ya kwanza tuliuza vizuri. Wiki ya tatu ukavuma uvumi wa kuharisha, na kufikia Jumatano hakuna mtu aliyesimama mbele ya meza yetu. Tulikuwa tumechemsha maji, tunaapa. Lakini tulikuwa tunauza kwenye chupa za kuokota zilizooshwa. Hatukuwa na "tak". Hatukuwa na tarehe. Hatukuwa na alama ya KEBS. Wateja wetu walifanya kile kile wanachofanya kwa Abti, walitafuta dalili za usalama, kwetu hawakuziona, wakaenda kununua sukari iliyofungwa. Hatuwalaumu, tungefanya vivyo hivyo.

Ila tunawalaumu waliotupa cheti. Siku tano tulifundishwa jinsi ya kuandika mpango wa biashara na jinsi ya kumtabasamia mteja. Hakuna aliyetuuliza maji tutatoa wapi, barafu tutatoa wapi, wala kibali cha afya kinapatikana ofisi gani na kwa siku ngapi. Kisha picha yetu tukiwa na aproni ikaenda kwenye ripoti, na ripoti ikasema vijana wamejitegemea. Wakati meza ilikuwa imeshafungwa, picha bado inafanya biashara.

Tunachodai si kikubwa. Jiko moja la pamoja lenye maji ya uhakika na jokofu la sola, ambalo vikundi vitatu vinne vya vinywaji vinaweza kulikodi kwa saa. Mtu mmoja wa kutushika mkono hadi kibali kipatikane, badala ya semina nyingine. Ratiba ya mfereji ibandikwe bloku kwa bloku, na ikivunjwa tuambiwe kwa nini. Kwenye mafunzo ya lishe, leteni maboksi yenyewe ya dukani tuyasome pamoja, msituletee tena bango la piramidi lenye samaki na brokoli. Kuhusu brokoli, hatujawahi kuiona Kakuma, na tunawaomba mtu aliyeichora aje atuonyeshe.

Na kwa yule ndugu aliyekutana na mama njiani: hatutataja jina lako wala shirika lako, na huenda wewe mwenyewe umeshasahau. Mama hajasahau. Boksi la pili, lile ambalo bloku ilitaka kununua kwa ajili ya mzee wetu aliyevunjika mguu, alikataa kulibeba. Alisema atume mtoto, na alibebe ndani ya shuka. Ikiwa mtu anapeleka zawadi hospitali kama anayebeba magendo, kuna kitu kimeharibika, na hakikuharibiwa na juisi.

Tunafungua meza tena Jumamosi ijayo mchana, pale pale karibu na duka la Abti. Yeye mwenyewe amekubali kutuwekea jerikeni mbili kwenye friji yake tangu Ijumaa usiku. Maji tutayachemsha mbele yenu, yeyote aje aangalie tangu asubuhi. Safari hii ndoo ina bomba na kifuniko, na tarehe tumeiandika kwa kalamu nyekundu. Ni ukwaju, na karkade ikipatikana. Kikombe njoo nacho. Wa mashirika mnakaribishwa pia, bei ni ile ile.